Hatia Isiyo na Hakimu: Vijana, Uvamizi na Swali la Kuua

Riwaya za vijana zinazosimulia uvamizi wa nchi huwaondoa watu wazima jukwaani mapema, na desturi hiyo, ijapokuwa huonekana kuwa ni ujanja tu wa kuwapa wahusika nafasi ya kutenda, huibua swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi huku wakiwafikiria zaidi wafalme na majeshi: ni nani mwenye idhini ya kuua katika kuihami nchi, na je, mwenye idhini hiyo hubaki safi baada ya kuitumia? Kazi inayolibeba swali hili kwa uzito kuliko nyingi za aina yake ni mfululizo wa riwaya 7 za John Marsden, mwalimu na mwandishi wa Australia aliyefariki mwaka 2024, ulioanza mwaka 1993 kwa kitabu kiitwacho Tomorrow, When the War Began na kukamilika mwaka 1999.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Ellie Linton, binti wa mfugaji, anakwenda na wenzake sita kupiga kambi katika bonde lililofichika milimani, na wanaporudi wanakuta mbwa wamekufa wakiwa wangali minyororoni, simu hazifanyi kazi na nyumba hazina watu, kwa kuwa jeshi la nchi isiyotajwa limeivamia Australia na kuwafungia wakazi wa mji mdogo wa Wirrawee katika uwanja wao wenyewe wa maonyesho ya kilimo na mifugo. Vijana hao, wasio na kamanda wala mafunzo wala mzazi wa kumuuliza, wanaanza kupigana.

Kwa mizani ya mapokeo ya Kikristo ya vita vya haki, yaani mafundisho yanayoeleza ni lini vita huruhusiwa na kwa masharti gani, hali yao ina kasoro tangu mwanzo. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alitaka mambo matatu yatimie, nayo ni mamlaka halali inayotangaza vita, sababu ya haki na nia njema. Vijana wa Wirrawee wana sababu, na pengine wana nia, lakini mamlaka hawana hata chembe. Fiqhi ya Kiislamu, ambayo nayo kwa kawaida humwachia kiongozi uamuzi wa kupigana, ina mlango ambao Aquinas hakuufungua kwa uwazi huo: katika hali ya kawaida kupigana ni faradhi kifaya, wajibu ambao baadhi ya watu wakiutekeleza wengine huondokewa nao, bali adui akiingia ndani ya nchi wajibu huo hugeuka kuwa faradhi aini, unaomwangukia kila mwenye uwezo mmoja mmoja, na vitabu vya wanazuoni hufikia kusema kwamba hapo mwana hahitaji tena kungoja ruhusa ya wazazi wake. Sheria za kimataifa, kinyume cha matarajio, ni kali zaidi. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zinawatambua kuwa wapiganaji raia wanaoinuka ghafla kumkabili adui anayekaribia, mradi wabebe silaha waziwazi na kuheshimu sheria za vita, lakini utambuzi huo unahusu eneo ambalo bado halijakaliwa. Kijana wa Wirrawee anayevizia usiku nyuma ya adui aliyekwisha kutawala mji hana kinga hiyo.

Suala la umri nalo halijapata jibu moja. Imepokewa katika hadithi zinazotegemewa kwamba Abdullah ibn Umar alijitokeza kwenda vita vya Uhud akiwa na miaka 14 na Mtume akamkatalia, kisha akajitokeza katika vita vya Khandaki akiwa na miaka 15 akakubaliwa, na khalifa Umar ibn Abdul Aziz alipoisikia habari hiyo aliufanya umri huo kuwa mpaka kati ya mtoto na mtu mzima. Inastaajabisha kidogo kwamba Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, na baadaye Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, zilisimama kwenye umri uleule wa miaka 15, kabla ya itifaki ya mwaka 2000 kuusogeza mpaka kuelekea miaka 18. Afrika Mashariki imelijua swali hili si kwa kusoma riwaya. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto kaskazini mwa Uganda na waasi wa LRA akakua hadi kuwa kamanda wao, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021 kifungo cha miaka 25 kwa makosa aliyoyatenda akiwa mtu mzima, na majaji, huku wakikataa kwamba utoto wake ulioporwa unamfutia hatia, walikubali kwamba unaipunguza adhabu. Ellie si Ongwen, kwa maana hakuna aliyemlazimisha kushika silaha wala hakuwadhulumu wasio na ulinzi. Lakini hoja iliyojificha katika kesi ile, kwamba umri na mazingira hupunguza lawama bila kuifuta, ndiyo hoja ambayo riwaya inaisukuma mbele kupitia mhusika asiye na wakili wala hakimu.

Tukio linaloibeba hoja hiyo halina ushujaa wowote. Ellie na rafiki zake wawili wanakimbia usiku kutoka kwenye uwanja wa maonyesho, wanajificha nyuma ya nyumba ya mtu, na askari wanawakaribia. Ndipo anapoiona mashine ya kukatia majani, ile ya kuendeshwa kwa kukaliwa, yenye petroli ndani ya tangi, anaigeuza kuwa bomu, anawasha kiberiti na kuwaua waliokuwa wakimfuata. Kifaa cha usafi wa bustani kinakuwa silaha, na msichana ambaye wiki iliyotangulia hakuwa na jambo zito la kumtia wasiwasi anakuwa muuaji kwa muda usiozidi pumzi chache. Kanuni ya athari mbili, inayotokana na Aquinas na inayosema kwamba anayejihami anaweza kukusudia kuokoa uhai wake huku kifo cha mshambuliaji kikitokea nje ya kusudio lake, ingemtetea kwa urahisi, hasa kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Yeye hajitetei. Anayaandika yote kwa sababu wenzake wamemchagua awe mwandishi wao, na maandishi yanayoanza kama kumbukumbu ya kundi yanageuka polepole kuwa maungamo, tena maungamo yasiyo na padri wa kuyapokea.

Msomaji anaweza kusema kwamba majuto hayo ni udhaifu wa nafsi changa, kwani aliyetenda haki hana cha kujutia. Jibu hilo ni jepesi mno, na mapokeo ya dini yenyewe hayaliungi mkono. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, aliandika katika kanuni zake kwamba waliotangulia hawakuwahesabu wanaoua vitani kuwa wauaji, lakini akashauri kwamba huenda ni vyema wajizuie kupokea komunyo kwa miaka mitatu, kwa kuwa mikono yao si safi. Sheria ya Musa katika kitabu cha Hesabu iliwataka askari waliorudi na ushindi wakae nje ya kambi siku saba wakijitakasa. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, kwa upande wao, huwataka wanaorudi kutoka mbali, wakiwamo waliotoka msituni kwa waasi, wakanyage yai kabla ya kuingia nyumbani. Kinachodhihirika hapa ni kwamba uhalali wa tendo na usafi wa mtendaji ni mambo mawili: mtu anaweza kuwa hana kosa mbele ya sheria na bado akawa anahitaji kutakaswa, na jamii yenye busara humwandalia njia ya kutakasika badala ya kumwambia asahau. Msiba wa Ellie ni kwamba jamii hiyo imefungiwa uwanjani.

Kuhusu Robyn, mcha Mungu wa kundi, ambaye katika kitabu cha tatu anajilipua kwa bomu la mkono pamoja na msaliti Meja Harvey ili wenzake wapone, Marsden anasema machache kuliko inavyostahili. Augustino, alipokabiliwa na kisa cha Samsoni aliyejiangushia jengo pamoja na Wafilisti, alilazimika kudai kwamba Roho alimwamuru kwa siri, maana bila amri hiyo asingeweza kumtetea. Riwaya haidai amri yoyote, wala haijiulizi kama ilikuwapo.

Lakini kasoro kubwa zaidi iko kwingine. Adui hana jina wala nchi, na kwa kiasi kikubwa hana uso, jambo linalorahisisha kuuawa kwake na ambalo limewafanya wahakiki waituhumu kazi hii kuchochea hofu ya Waaustralia dhidi ya majirani zao wa Asia. Tena ardhi inayotetewa kwa damu hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya meli za Waingereza kutia nanga mwaka 1788, na wenyewe hao walivamiwa bila mkataba wala fidia. Familia zinazolia katika uwanja wa Wirrawee zinaishi juu ya matunda ya uvamizi wa kwanza. Marsden mwenyewe hakuwa kipofu kwa hilo, kwani mwaka 1998, kabla ya mfululizo wake kwisha, alitoa pamoja na mchoraji Shaun Tan kitabu cha picha kiitwacho The Rabbits, kinachowaonyesha wavamizi kama sungura wanaofika kwa meli na kuijaza nchi ya wengine. Mfululizo huo na kitabu hicho vinapaswa kusomwa pamoja, na mwalimu anayewapa wanafunzi wake riwaya hizo bila kitabu hicho cha picha amewapa nusu ya swali.