Hasara ya Kaskazi ni ya Nani?

Wahenga walisema: maji yakijaa hupwa. Sisi watu wa pwani hulitumia neno hili kumliwaza aliyepatwa. Ni neno la kweli, lakini matumizi yake yananitia shaka, na ningependa msomaji tuyapime pamoja.

Hapa Paje kila mwezi una tabia yake. Tangu Disemba mpaka Machi huvuma kaskazi. Jua huwa kali, na maji yaliyo ndani ya mwamba hupata joto. Masika mvua huyapunguzia chumvi maji ya kina kifupi, na mwani uliovunwa haukauki upesi. Kusi, kuanzia Juni, huleta ubaridi na mwani hustawi, ingawa mawimbi nayo hukata kamba. Tena kila mwezi yapo mabamvua mawili, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, ambapo bahari hupwa mbali na akina mama huyafikia mashamba yao.

Kilimo hiki cha biashara kilianza hapa mwaka 1989, kwa mwani wa spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haistahimili joto: hugeuka nyeupe, hulainika, hukatika. Kwa kuwa bahari imezidi kupata joto, wengi wamebakiwa na spinosamu ya bei ndogo.

Mkulima akipata hasara twamwambia: subiri, ni majira. Hapo ndipo penye shaka yangu. Joto halikuletwa na mnunuzi. Lakini nani abebe hasara ya joto, hilo limepangwa na watu. Malipo ni kwa kilo za mwani mkavu. Kamba iliyokatika haina kilo, wala wiki sita za kuinama majini hazina bei.

Mtu atasema kwamba mnunuzi naye hana hakika ya soko la dunia. Ni kweli. Lakini yeye hukusanya magunia ya vijiji vingi. Mwanamke huyu ana kamba zake tu.

Subira ni tabia njema kwa anayejichagulia. Aliyeshiba akimfundisha mwenye njaa, subira hugeuka kisingizio. Nalo jambo linalojulikana mwezi wake kabla halijafika haliwezi kuitwa ajali. Ikiwa sote twaijua kaskazi, basi hasara yake na igawanywe kabla haijaanza kuvuma.