Mtoto Kupimwa na Daktari Kabla ya Kuingia Mchezoni

 

Ziko shule ambazo, kabla ya kumtia mtoto katika timu ya mpira au ya mbio, humpa karatasi ampelekee mzazi wake, ili apimwe na daktari na yajibiwe maswali yaliyomo. Karatasi hiyo twaiona ikijazwa usiku wa kuamkia siku ya kurejeshwa, baba akiandika "hapana" toka juu hata chini pasi na kusoma. Ndugu zetu, maswali yale ni ushahidi, na mwenye kushuhudia asilolijua ameingia katika uwongo, hata ikiwa ni juu ya mwanawe mwenyewe.

Na asemaye kuwa hili ni jambo la Wazungu lisilo asili kwetu, naatazame yaliyopokewa na Bukhari na Muslim katika habari za Ibn Umar. Alikaguliwa na Mtume s.a.w. wakati wa Uhud, naye ana miaka 14, asimpe ruhusa. Akakaguliwa tena wakati wa Khandaq, naye ana miaka 15, ndipo alipomruhusu. Uhud ilikuwa siku ya dhiki, Waislamu ni wachache na adui ni wengi, na juu ya hayo kijana asiyefaa alirudishwa nyumbani. Basi itakuwaje katika mpira? Na Ibn Umar mwenyewe ndiye aliyesimulia kukataliwa kwake, wala hakujiongezea mwaka. Leo wako wazazi wapunguzao miaka ya watoto wao katika vyeti ili wacheze na walio wadogo kuliko wao, na mtoto huyo yuamwona baba akighushi kwa kalamu yake.

Tuje katika maswali yenyewe. Daktari atauliza: Je, mtoto amepata kuzirai akikimbia? Hushikwa na maumivu ya kifua au kukatika pumzi kuliko wenziwe? Je, katika jamaa wa damu yuko aliyekufa ghafla, au aliyekufa kwa moyo kabla ya kufika miaka 50? Swali hili la mwisho baba peke yake hawezi kulijibu. Nalisomwe mbele ya mama, na bibi wa pande zote mbili waulizwe, kwani wao ndio wajuao yule mjomba aliyeanguka shambani akiwa kijana, ambaye watu walisema amerogwa. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani mjini Lyon, akafa, naye ana miaka 28 tu. Alipochunguzwa alionekana nyama ya moyo wake imekuwa nene kupita kiasi, na maradhi hayo aghalabu hurithiwa. Katika Italia sheria ya mwaka wa 1982 iliwalazimisha wachezaji wa mashindano kupimwa. Na katika jimbo la Veneto vifo vya ghafla vya vijana wachezao vilipungua kwa karibu asilimia 89 baina ya mwaka wa 1979 na 2004.

Hapa kwetu pwani pana mengine ya kutajwa. Sikoseli ni nyingi katika nchi zenye malaria, na mtoto mwenye nayo yataka daktari ajue kabla hajakimbizwa katika jua la saa nane. Mtoto aliyepata kuumwa koo, kisha viungo vikavimba na homa ikamshika, huenda moyo wake umedhurika na asijitambue. Na pumu pia isifichwe. Wengi wenye pumu hucheza, maadamu dawa yao ya kuvuta iko karibu.

Lakini lifichwalo kuliko yote ni kifafa, khasa kwa mtoto wa kike. Watu huogopa hataposwa. Basi humfunga hirizi, humpunga pepo, na kwa daktari huandika "hapana". Kisha mtoto huyo huingia kuogelea! Sisi twasema waziwazi: kumficha daktari kifafa cha mtoto ni kuvunja amana, na ile hirizi haitamtoa majini. Mtume s.a.w. alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha kujitibu, na hakuwaelekeza kwa mganga.

Ama suala la sitara, ambalo wazazi wengi wametuuliza, jawabu lake ni hili. Msichana apimwe na daktari mwanamke, na mama awe pamoja naye. Asipopatikana mwanamke, wanavyuoni wameruhusu mwanamume kwa haja, nayo hupimwa kwa kadiri yake: atazame pale palipohitajiwa, pasi na kuzidisha, na mama au maharimu awepo. Mvulana naye ana uchi wake. Huenda akaangaliwa ngiri, basi aelezwe mapema nyumbani kwa heshima, asije akashtuka. Aambiwe pia kuwa atapimwa uzito, urefu, macho na nguvu ya damu, na moyo wake utasikilizwa. Avae nguo pana, achukue miwani yake na dawa anazotumia. Kama hutafuna muguka na wenziwe, na amwambie daktari kweli, kwani huo huenda ukaupiga moyo mbio. (Na baba atafunaye barazani mbele ya wanawe ana la kujibu kwa Mola wake.)

Wala msidhani kuwa kupimwa ni dhamana. Christian Eriksen wa Denmark alikuwa mchezaji wa klabu kubwa, mwenye kupimwa, na moyo wake ukasimama uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Akaokolewa kwa kuwa wajuao kazi walikuwa karibu. Hii ni sababu katika sababu, nasi tumeamrishwa kuzishika sababu kisha kutawakali. Kwa hivyo muulizeni mwalimu kama yuko ajuaye kumkandamiza kifua aliyeanguka.

Karatasi ipelekwe wiki sita kabla ya mashindano, pawe na nafasi ya kutibu litakaloonekana. Na daktari akisema mtoto asicheze kwanza, asitafutiwe mwingine wa kupiga muhuri kwa pesa. Hiyo ni rushwa. Mwalimu aombwe amweke katika timu hiyohiyo kwa kazi nyingine, ya kuandika mabao au kushika saa, hata atakapopimwa tena.