Maana Mbili za Kuacha

Kitenzi kuacha hubeba maana mbili ambazo, zikitazamwa upesi, hudhaniwa kuwa hazina undugu. Mtu husema, Mwache mtoto atembee, akakusudia kumpa nafasi. Husema tena, Walimwacha njiani, akakusudia kuwa walimtupa. Katika mambo mengi ya maisha maana hizi hukaa mbalimbali, wala hapana mwenye akili timamu azichanganyaye. Katika nyumba ya mgonjwa wa kiharusi hukutana kizingitini, na aliye karibu na mgonjwa hulazimika kuchagua mojawapo mara nyingi kwa siku, aghalabu bila ya kujua kwamba anachagua.

Usoke ni mahali panapofaa kwa kulifikiri jambo hili. Iko magharibi ya Tabora, kwenye reli iendayo Kigoma, katika nchi iliyopitiwa na misafara ya karne ya 19 baina ya Bagamoyo na Ujiji. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na thamani ya mtu ilipimwa kwa mzigo wake na mwendo wake. Aliyeshikwa na homa, ndui au kidonda cha mguu, akashindwa kwenda sawa na wenziwe, alikabiliwa na hatari ya kuachwa. Wengine walikabidhiwa kwa wenyeji wa kijiji cha karibu. Wengine walibaki chini ya mti. Si kwamba wapagazi walikosa huruma. Chakula na maji vilikuwa na hesabu yake, na msafara haukuwa na desturi ya kungoja. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ikashuka mabegani mwa watu, lakini yamkini fikira ya kwamba asiyeweza kwenda amekwisha haikushuka pamoja nayo.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na sehemu ya ubongo ikafa. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, pigo la kushoto hulaza mkono na mguu wa kulia, na mara nyingi huondoka na maneno. Katika utafiti uliofanywa Tanzania baina ya 2003 na 2006, wagonjwa wapya wa kila mwaka, baada ya kusawazisha hesabu za umri, walikadiriwa kuwa 109 katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 katika sehemu ya Dar es Salaam. Usoke haikuwamo katika hesabu hiyo. Ila shinikizo la damu, lililo chanzo kikubwa cha maradhi haya, halikuogopa kupanda treni.

Na achukuliwe mzee mmoja mkulima wa tumbaku, wa kubuni lakini wa kawaida. Amerudi kutoka hospitali, mkono wake wa kulia umekunjika kifuani. Kabla hajaomba maji, maji yamefika. Binti yake anamlisha, mkewe anamfunga vifungo, wajukuu wawili wanamwinua kwa kuuvuta ule mkono uliolegea, wasijue kwamba bega lililopooza huumia upesi kwa kuvutwa. Majirani huisifu nyumba hiyo, na sifa hiyo ni haki yake. Hakuna aliyemwacha. Walakini mkono ambao haukuitwa kazini kwa wiki kadhaa hujifunza kutoitika. Mwanasayansi Edward Taub wa Marekani aliliona jambo hili kwanza kwa nyani waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono: mkono ulikuwa na uwezo wa kusogea, lakini mnyama alikwisha kujifunza kuishi bila ya huo. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 222, waliopatwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, ambamo mkono mzima ulivikwa glovu nene kwa sehemu kubwa ya saa za kuwa macho, muda wa wiki mbili, ili mkono dhaifu upate kulazimika. Waliofanyiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya mwaka. Yafaa isisahauliwe kwamba wote walikuwa bado wanaweza kuinua kifundo na vidole japo kidogo. Mkono usio na chembe ya mwendo hauamrishwi kwa glovu.

Ndipo kazi ya mtaalamu wa tiba ya viungo inapoonekana kuwa na sura ya kimaadili, ingawa mwenyewe huenda akaiita kazi ya kupima tu. Humketisha mgonjwa pasipo egemeo, akatazama mwili waangukia wapi. Humwambia ainuke kitini, aende mita 3, ageuke, arudi, aketi, naye huhesabu sekunde. Nguvu ya msuli huiandika kutoka 0 mpaka 5. Katika kipimo kilichotungwa Sweden na Fugl-Meyer na wenziwe mwaka 1975, kila tendo hupewa 0, 1 au 2, na mkono peke yake hufikia 66. Muda wote huo mikono ya mtaalamu iko karibu, wazi, haijamgusa mgonjwa. Amemwacha, wala hakuondoka. Mpagazi aliyebaki chini ya mti hakuachwa kwa sababu ya kutoguswa. Aliachwa kwa sababu ya migongo iliyokuwa ikienda zake.

Hata hivyo kipimo nacho huzaliwa mahali fulani na huja na nyumba ya kwao. Kile cha Mahoney na Barthel, kilichotangazwa mwaka 1965 na kinachotumika duniani kote, humpa mtu alama 10 kati ya 100 kwa kupanda ngazi. Mzee wa Usoke huenda asipande ngazi mwaka mzima, lakini kila siku hana budi kuchuchumaa chooni juu ya shimo, kuinuka kutoka mkekani na kuvuka kizingiti. Upo msimu ambapo heshima yake hukaa vidoleni, pale majani ya tumbaku yaliyokauka yanapochambuliwa kwa madaraja. Nchi inayojua kupanga majani kwa rangi na unene haishindwi kuelewa kwamba daraja hufaa kwa soko lake tu.

Lakini ukali usijione umeshinda. Mwaka 2015 jaribio la wagonjwa 2,104 katika nchi tano lilionyesha kwamba kuwasimamisha wagonjwa mapema mno, katika saa 24 za kwanza, kwa wingi na kwa nguvu, kulipunguza idadi ya waliopata nafuu njema. Na mwaka 2017 jaribio kubwa la India, ambamo jamaa walifundishwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani, halikupunguza vifo wala utegemezi kwa kulinganishwa na matunzo ya kawaida. Mapenzi ya jamaa yaliyofundishwa kwa haraka hayakutosha. Neno hili ni chungu kwa vijiji, kwa maana huko jamaa ndio hospitali ya siku nyingi.

Pingamizi lenye uzito zaidi halitoki katika majaribio. Mzee alilea, alilima, alitumwa na kutuma. Je, si haki yake sasa kuletewa? Utumishi wa watoto kwa mzazi ni deni, na anayemzuia binti kulilipa anavunja kitu kikubwa kuliko bega. Tena mkono wa kulia ndio wa tonge na wa salamu. Akila kwa kushoto huona haya. Akijaribu kwa kulia ugali huanguka mbele ya mkwewe. Mtaalamu huona mazoezi, mzee huona fedheha. Jibu la kwamba aulizwe mwenyewe ni jibu la haki, lakini kiharusi kilichochukua mkono wa kulia huenda kimechukua na jibu. Huyo asiyeweza kusema husemewa na kila mtu kwa namna yake: binti husema, Baba amechoka, mtaalamu husema, anaweza.

Basi jioni moja binti amekata tonge, akaliweka ukingoni mwa sahani, upande wa kulia, akaketi.

"Baba, lipo hapo."

Mkono umetoka kifuani, umekwenda nusu ya njia, umesimama. Mkwe amepiga hodi uani. Mzee anatazama tonge, kisha anamtazama binti, na binti hajui kama macho yale yanamwambia angoje au yanamwambia asaidie. Mikono yake iko wazi magotini.