BATI LATOKA NG'AMBO, KIWANJA KIKO KWETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo tuzungumze juu ya nyumba ya maskini. Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Allah anatuhesabia neema zake, na miongoni mwazo anataja nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, kisha anataja na mahema ya safarini. Kumbe paa juu ya kichwa ni neema, na kila neema ina swali lake Siku ya Kiyama.

Wengi wetu tunakumbuka tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipopasuka. Moto wa volkano ulipita katikati ya Goma mpaka ziwa Kivu, ukafunika makartie na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 100,000 walikosa makao. Msaada ulitoka nchi nyingi: shitingi, mbao, mabati. Familia zikasimamisha nyumba za mbao juu ya mawe meusi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, nyumba kwa maelfu zikateketea upande wa Buhene, na tena watu wa mbali wakaleta msaada.

Hapo kuna maswali mawili.

La kwanza: je, yafaa Mwislamu kushirikiana na mashirika ya watu wasio wa dini yetu? Mtume (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano ya Hilf al-Fudul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an pale Makka. Watu wa koo mbalimbali waliahidiana kumsimamia kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Baadaye, akiwa Mtume, alieleza kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwenye mapatano kama yale angeitikia. Na Sura Al-Maida, aya ya 2, inatuamuru tusaidiane katika wema, tusisaidiane katika dhambi. Basi jambo likiwa jema tunashika mkono wa anayelifanya, mradi hatudaiwi kuuza dini kwa bati.

La pili ndilo zito: msaada ukishafika, sisi tunaufanyia nini? Mwaka 1948 mataifa yaliandika katika Tangazo la Haki za Binadamu, kifungu cha 25, kwamba makazi ni haki ya mtu. Mwaka 2015 yaliahidi kwamba ifikapo 2030 kila mtu awe na nyumba salama kwa bei anayoiweza. Ni maneno mema. Lakini bati laweza kupanda ndege, kiwanja hakipandi. Mahali pa kusimamisha hilo bati pako mikononi mwetu.

Mfikirieni mpangaji aliyeunguliwa. Mwenye parseli akipewa mbao na mabati, anajenga kwake. Mpangaji akipewa, atajenga wapi? Anaomba pembe ya kiwanja kwa mtu, anajenga. Baada ya miezi michache mwenyewe anaona pamependeza, anamtoa, na nyumba inabaki yake. Sadaka iliyokusanywa kwa ajili ya maskini imemwongezea mwenye mali, na sisi majirani tuliona tukanyamaza. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayechukua ardhi kwa dhuluma, hata shibiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Tunadhani shibiri hiyo ni ya mbali?

Kuna na garanti. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji imesema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Katika safu hizi tunazosalia, ni wangapi tunadai miezi 6?

Mtu atasema: "Shehe, nyumba ni mali yangu. Wapangaji wanakimbia bila kulipa, na mimi nina watoto wa kusomesha." Maneno haya yana haki ndani yake. Uislamu unalinda mali, kodi ni halali, na mpangaji mwenye uwezo anayekataa kulipa ni dhalimu naye. Lakini kujikinga na hasara si sawa na kula shida ya mwenzio. Moto ukipita leo na kesho bei ikapanda, nyumba yako haikuongezeka chumba wala dirisha. Kilichoongezeka ni shida ya anayebisha hodi. Basi ile nyongeza unayopokea ni bei ya machozi yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu:

1. Anayeandika orodha ya msaada au kugawa jetoni ajue ameshika amana, kama Sura An-Nisa, aya ya 58, inavyotuagiza amana zifikishwe kwa wenyewe. Kuandika shemeji na kumwacha mjane ni wizi.

2. Mwenye nyumba asidai garanti kupita sheria, na asipandishe kodi kwa sababu ya msiba.

3. Anayempa mtu mahali pa kujenga waandikiane muda, mbele ya mashahidi. Sura Al-Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandika.

4. Aliyepewa mabati asiyauze akarudi kwenye orodha. Anamfungia mlango mwenzake wa kesho.

5. Mwenye viwanja vingi atoe kimoja kiwe waqfu kwa wasio na makao. Hiyo ni sadaka isiyokatika hata akiwa kaburini.

Watu wa Madina walipowapokea Muhajirina hawakungoja meli kutoka ng'ambo. Waligawana nao nyumba zao, hali wao wenyewe wana mahitaji, na Allah akawasifu katika Sura Al-Hashr, aya ya 9. Wageni wakituletea mabati tuwashukuru. Ila tusije tukakuta Siku ya Hesabu kwamba mgeni wa mbali alimhurumia jirani yetu kuliko sisi.

Ewe Mola, wape makao wasio na makao, ulainishe mioyo ya wenye nyumba, na utujaalie sote makao mema Peponi. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Karatasi hii ina majina ya Allah, usiitupe chini. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.