Je, Yafaa Kutunza Chombo cha Vita?

Mwezi uliopita mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 13 aliitungua chupa ya maji iliyokuwa ikining'inia stoo kwetu hapa Kibaha, akaipeleka Mlandizi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alipewa shilingi 800, akanunua daftari na maandazi. Nilipoiulizia hakunificha neno. Alisema, "Babu, ilikuwa kuukuu tu, nami nilidhani haina mwenyewe."

Chupa ile ilikuwa ya kijeshi, ya madini mepesi kama ya sufuria, nayo ilikuwa mali ya marehemu kaka yangu. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuivamia Kagera, kaka alikuwa mgambo kijijini kwetu Kisarawe. Walipoitwa, akaenda. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na baadaye kaka akarudi nyumbani akiwa na homa, kovu la mkono na chupa hiyo. Kwa zaidi ya miaka 30 aliibeba kila alfajiri kwenda kwenye mihogo na mikorosho yake, mpaka alipofariki mwaka 2014.

Nilikwenda Mlandizi siku ile ile. Yule mnunuzi ni kijana mwenye adabu. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Pole sana, tumeshaiponda." Wao huponda kila kitu kwa nyundo ili kiingie vizuri ndani ya kiroba. Nikalipa shilingi 2,000, nikarudi na chupa iliyobapa kama chapati, isiyoweza tena kubeba hata tone la maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: niliifuata ya nini? Kama chombo hakifai tena kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa ya vita, je, yafaa kukitunza? Nimeona niwashirikishe ninyi swali hili, maana si langu peke yangu. Mataifa makubwa nayo hulijibu kwa njia mbalimbali, na yafaa tuyatazame majibu yao kabla ya kutoa letu.

Huko Uingereza walikuwako ndugu wawili wakulima, Fred na Harold Panton. Kaka yao mkubwa, Christopher, alikuwa katika jeshi la anga, akauawa katika shambulio la mji wa Nuremberg, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944. Usiku ule mmoja ndege 95 za Waingereza hazikurudi. Mwaka 1983 ndugu hao walinunua ndege kuukuu ya mabomu aina ya Lancaster, yenye namba NX611, iliyokuwa imesimamishwa langoni mwa kambi ya Scampton. Baadaye ikafunguliwa vipande na kupelekwa kwa barabara mpaka East Kirkby, kwenye uwanja wa ndege wa zamani ambao wao walikuwa wakifugia kuku. Hapo, kwa msaada wa mafundi na watu wa kujitolea, ikaungwa tena na injini zake nne zikanguruma. Watu hawa huacha mapumziko yao, wakashinda wamejipaka grisi, wakisugua kutu bila ujira. Wote hao wanalifanyia kazi jina la kijana mmoja.

Habari hiyo hunigusa, kwa kuwa nami nilikuwa na kaka. Lakini mwalimu hawezi kusimulia nusu ya somo. Ndege za aina ile zilitengenezwa zaidi ya 7,000, na kazi yake ilikuwa kuteketeza miji. Mwezi Februari 1945 mji wa Dresden ulichomwa, na watu wapatao 25,000 wakafa, wengi wao wanawake, wazee na watoto. Kwa upande wa pili, katika vita vile kikosi cha mabomu cha Waingereza kilipoteza watu 55,573. Basi anayesugua bawa la ndege ile anasugua nini? Kaburi la kaka yake, au kisu kilichowachinja watoto wa wengine? Mimi naona ni vyote viwili, wala hawezi kusugua kimoja akaacha kingine.

Hapa kwetu tunacho chombo kikubwa kuliko ndege ile. Wengi wetu tumezaliwa tukisikia honi ya treni ya reli ya kati inayopita Pugu, Soga na Ruvu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliunda meli katika mji wa Papenburg, wakaifungua yote, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaileta kwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ilikwenda kwa reli hiyo hiyo ya kwetu mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Iliitwa Graf von Götzen. Ikawekewa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, huku ndege za Waingereza kutoka Mafia zikielekeza mizinga.

Tarehe 26 Julai 1916, walipoona wanashindwa, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito ili kutu isiile. Waliitunza kwa kutumaini kwamba siku moja wataiibua na kuipigania tena. Waliokuja kuiibua, mwaka 1924, ni Waingereza. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikibeba abiria, samaki na magunia. Mwaka 1997 ilirudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma. Mwaka 2015 ikatumwa tena kuwachukua Warundi waliokuwa wamerundikana ufukweni Kagunga.

Hapo pana fundisho. Mtunzaji hana mamlaka juu ya kesho ya kile anachokitunza. Wale mafundi walipaka grisi kwa ajili ya vita, na grisi ile ile ikaja kuwavusha wakimbizi. Na kinyume chake huwezekana pia. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma kwamba upanga wa Goliathi uliwekwa mahali patakatifu, umezongwa nguo, nyuma ya naivera. Ulikuwa ukumbusho wa wokovu. Lakini Daudi alipokuwa akikimbia aliuomba, akaufungua nguo zake, ukawa upanga tena. Naye mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba, ingawa Musa ndiye aliyeifanya, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Basi Maandiko hayatuamuru kutunza kila cha kale, wala hayatuamuru kuvunja kila cha kale. Yanatutaka tuangalie watu wanakifanyia nini.

Sasa nizitaje hoja za wanaopinga, kwa maana ni hoja za haki.

Kwanza husema kwamba gharama ile ingewafaa walio hai. Zahanati haina maji, nawe unang'arisha chuma? Hoja hii ni nzito, nami siwezi kuipuuza. Hata mjukuu wangu alinunua daftari. Shilingi 800 zake zilikwenda kwenye elimu, na zangu 2,000 zikaenda kwenye bati lililobapa. Lakini mwanadamu haishi kwa kujaza matumbo tu. Hata maskini hutengeneza kaburi la mamaye, na hakuna mwenye akili amwambiaye kwamba ameharibu saruji. Kosa huanza pale kaburi linapopakwa chokaa kila mwaka na yatima wa marehemu wanalala njaa.

Pili husema kwamba watoto wakiona ndege na mizinga imepambwa, wataipenda vita. Hiyo ni kweli, ikiwa wataona chuma kinachong'aa na wasielezwe neno. Chuma chenyewe hakina dhamiri. Kikiachwa kiseme peke yake, kitasema nguvu na ushindi tu.

Tatu, na hii ndiyo hoja inayonichoma zaidi, husema kwamba tunatunza mashine na kuwasahau watu. Mizinga ya Königsberg iliopolewa Rufiji ikakokotwa na watu hadi Dar es Salaam. Mmoja wa mizinga hiyo unaweza kuuona leo Fort Jesus, Mombasa. Je, nani anayajua majina ya waliovuta kamba? Katika vita ile wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria walikuwa makumi ya maelfu. Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, mwaka ule ule Liemba ilipoanza kazi. Aliyesimama juu yake ni askari mwenye bunduki, si mpagazi mwenye mzigo. Wapagazi tumewatunza katika neno Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao, Carrier Corps. Twalitamka kila siku tukienda kununua nguo na vitunguu, wala hatuwakumbuki.

Nikiisha kusema hayo, imenipasa kuungama. Nilifundisha historia kwa miaka mingi. Vita vya Kagera nilivifundisha kila mwaka: sababu zake, tarehe zake, matokeo yake. Wanafunzi wangu walifaulu. Lakini kaka yangu, aliyekuwa amekaa umbali wa safari moja ya basi, sikumwuliza hata mara moja alichokiona. Nilijiambia kwamba nampa heshima kwa kunyamaza. Kweli ni kwamba niliogopa. Mara moja tu, tumekaa chini ya mkorosho baada ya mvua kutuzuia kulima, alianza mwenyewe. Alisema kwamba kuna mji aliouona umebomolewa nyumba kwa nyumba, na kwamba waliokuwa wakiishi mle hawakuwa Amin. Akanywa maji, akafunga kifuniko. Mimi nikasema, "Mvua imekatika, kaka, twende." Yeye akainuka, na neno hilo halikurudi tena.

Kwa hiyo nilipomkasirikia mjukuu wangu nilikuwa namkasirikia mtu asiye na hatia. Aliuza kuukuu kwa sababu kuukuu ndicho kitu pekee nilichomrithisha. Sikumpa habari yake. Aliposema haina mwenyewe, alisema kweli zaidi ya alivyojua. Mimi ndimi niliyeipokonya mwenyewe.

Basi jibu langu kwa swali la juu ni hili. Chombo cha vita chafaa kutunzwa na yule tu aliye tayari kusimulia habari yake yote: ujasiri pamoja na aibu, aliyekibeba pamoja na aliyeumizwa nacho, mwenye bunduki pamoja na mwenye mzigo. Wale wanaosugua Lancaster wanafanya vema wakitaja jina la Christopher Panton na jina la Dresden katika pumzi moja. Wakitaja moja tu, wanafukizia nyoka ya shaba uvumba. Na asiyeweza kusimulia kweli, heri akiache kiende kiyeyushwe, kitoke sufuria ya kupikia ugali. Maana sufuria haimdanganyi mtu.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilimwita mjukuu wangu tukakaa barazani. Nilimweleza habari ya kaka, pamoja na mji ule uliobomolewa, pamoja na lile neno nililolikata. Aliuliza, "Babu, sasa alijisikiaje ulipomwambia mwondoke?" Nikamjibu kwamba sijui. Akaichukua ile chupa iliyobapa, akaigeuzageuza, kisha akaichonga kwa msumari jina la babu yake mkubwa na mwaka 1978. Hakuna aliyemwagiza. Sasa imetundikwa sebuleni, na mgeni akiuliza, huyo kijana ndiye anayesimulia. Nami nakaa kimya nikimsikiliza kama habari yake ni nzima.

Ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe, katika nyumba zetu bado wamo wazee waliokwenda Kagera, na wajane wa wasiorudi. Kuna wazee waliosimuliwa na baba zao habari za upagazi. Wengine wana kofia, wengine wana kitambulisho kilichochakaa, wengine hawana kitu ila kovu. Msiwahi kwenye sanduku lao. Wahini wao wenyewe. Mwulizeni mzee wenu wiki hii, mkiwa na daftari. Akianza kusema, hata kama mvua imekatika, msiinuke.