Faida Itokanayo na Kosa

Liko swali nililokuwa nikiwapa wanachuo wa ualimu, nao hawakuchoka kulibishania: je, ni halali mtu kufurahia jema lililozaliwa na kosa la wengine? Katika ustaafu wangu nalipima kwa mifereji ya Florida ya kusini, nchini Marekani.

Mifereji ile haikuchimbwa kwa ajili ya samaki. Gavana Broward, aliyetawala tangu 1905 hadi 1909, alitaka kukausha kinamasi kikubwa cha Everglades kipate kuwa mashamba. Baada ya mafuriko ya 1947, Serikali Kuu iliidhinisha mwaka 1948 mpango mpana zaidi wa mifereji, matuta na milango ya maji. Watu wakapata makazi, lakini karibu nusu ya kinamasi ikatoweka.

Baadaye perege wa Afrika Magharibi, walioingia majini humo kwa mikono ya watu, wakazaana mno. Mwaka 1984 wataalamu wa jimbo wakapandikiza samaki mlaji wa Amerika ya Kusini, mwenye jina la tausi kwa sababu ya doa la mkiani, ili awapunguze. Samaki huyu hastahimili baridi. Huishi kwa kuwa mifereji ina kina, imekatwa katika mwamba wa chokaa, na maji ya chini ya ardhi huipa uvuguvugu. Kidonda chenyewe ndicho kinachomlea! Leo wavuvi wa mshipi hutoka mbali kumfuata.

Nasi tusiwanyoshee kidole. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, amesomesha watoto wengi, na aina nyingi za furu zimetoweka.

Je, mvuvi ana hatia? Sidhani; si yeye aliyechimba. Lakini kutokuwa na hatia si kutodaiwa. Kwa desturi zetu, urithi haugawanywi kabla madeni ya marehemu hayajalipwa. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha mpango wa kuirudishia Everglades maji yake, na baadhi ya mifereji imekwisha zibwa. Siku mvuvi atakapoambiwa kwamba mfereji wake nao uzibwe, ndipo atakapopimwa. Akikataa kwa ajili ya kitoweo chake, basi tangu siku hiyo kosa la wachimbaji limekuwa lake.