Nani Atamwambia Mtoto?

Vijana wetu wa Lubumbashi hupenda kubishana juu ya sinema. Siku moja tuliwasikiliza wakishindana juu ya Harry Potter, yule yatima wa vitabu vya Mwingereza J. K. Rowling. Mmoja alikuwa amesoma kitabu, mwenzake ametazama filamu tu. Nao hawakupatana hata kidogo.

Katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 1999, mtoto huyo anayo ramani ya ajabu, wala hajui ni akina nani walioitengeneza. Mwalimu wake Lupin ndiye anayemfunulia: ni yeye mwenyewe, pamoja na baba wa mtoto na rafiki zao wawili, walipokuwa wanafunzi. Lakini hawezi kusimulia hayo bila kukiri na neno jingine, kwamba mwaka mzima alimficha mkuu wa shule jambo zito kwa sababu ya woga. Filamu ya mwaka 2004 haisemi ramani ni kazi ya nani. Hatuilaumu sana, maana sinema ina saa zake. Ila maneno yale yalipoachwa, na ungamo la mwalimu likaachwa pamoja nayo.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Baluba wa Katanga wanasimulia habari za Kalala Ilunga, aliyezaliwa baada ya baba yake, mwindaji Mbidi Kiluwe, kwenda zake. Mjomba wake, mfalme Nkongolo, alimwonea wivu, akachimba shimo, akalijaza mikuki, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwita aje kucheza ngoma. Hadithi ina wasimulizi wengi, nao hawafanani. Wengine husema mpiga ngoma ndiye aliyemwonya kijana kwa mapigo yake, mbele ya mfalme mwenyewe. Kalala akauchoma mkeka kwa mkuki, akaliona shimo, akakimbilia kwa baba yake ng’ambo ya Lualaba. Mpiga ngoma yule aliweka roho yake rehani ili mwingine ajue.

Na ule ubao wa lukasa, wenye shanga na simbi, unaotunza habari za wafalme, hausemi wenyewe. Hutakiwa mtu aliyefundishwa katika chama cha Mbudye, apitishe kidole juu ya shanga na kusimulia kwa kinywa chake.

Basi tuje kwetu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wengi sana walifukuzwa Katanga, nao wengi walikuwa wamezaliwa papa hapa, wana na wajukuu wa watu walioletwa kufanya kazi migodini na relini. Kule Likasi jamaa nzima zililala kwenye stesheni zikingoja gari la moshi. Baadaye wengine walirudi. Leo mtoto anauliza: mbona nkambo alizikwa Kasai, na nyumba yetu ya zamani wanakaa watu wengine?

Ni rahisi kumjibu kwamba ilikuwa siasa ya wakubwa. Ni kweli, lakini ni kama filamu ile: mambo yanaonekana, msimulizi haonekani. Wako wanaosema ni afadhali kunyamaza, watoto wasije wakachukiana. Shauri hilo si la kudharau, na mtoto wa miaka 6 hana haja ya kubebeshwa yote. Lakini aliyefikia umri wa kuuliza atapata jibu mahali fulani, pengine barabarani, kwa mtu asiye na la kukiri. Hapo ndipo chuki inapotafuta mlango. Jirani anayesema, “Mimi nilikuwa dirishani, niliwaona wakitoa vitu vyenu, nami sikufungua mlango,” anampa mtoto habari ile ile, na pamoja nayo anampa mtu wa kumwuliza zaidi.

Twamfahamu mzee mmoja ambaye tangu siku zile anacho kiti cha jirani yake. Amesema atakirudisha, ila kwanza atamwita mjukuu wa mwenyewe, amketishe juu yake, amweleze kilivyofika nyumbani kwake. Amekwisha kukipangusa vumbi mara mbili. Mpaka tunapoandika haya bado hajamwita.